Baraza Isiyo na Wapita Njia

Miaka yote niliyofundisha fasihi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba mhakiki huanza na maswali mawili mepesi: nani anasema, na anamwambia nani. Tuliyatumia maswali hayo kwa riwaya, kwa tamthilia na kwa mashairi. Leo nataka kuyatumia kwa nyumba. Najua wapo watakaosema kwamba nyumba haisemi. Basi na waingie katika nyumba ninayoieleza hapa, wakae siku nne, halafu tuzungumze.

Nyumba yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa wenyewe hawakunituma nihakiki kazi yao. Iko mkoani Manyara, nje kidogo ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, juu ya kilima kinachotazama bonde. Ni nyumba ya kupangishwa watu wanaokwenda kuona wanyama. Hukodi chumba kama hotelini. Unakodi nyumba nzima, pamoja na mpishi wake, wahudumu wake, walinzi wake na gari la kutembelea hifadhini. Tulikwenda likizo ya mwezi wa Juni, tukiwa watu kumi na mmoja: mimi na mume wangu na watoto wetu watatu, mama mkwe wangu, wifi yangu na mumewe, na rafiki wa mume wangu tangu wakiwa shule, pamoja na mkewe na binti yao. Tulichanga gharama, kila mtu kwa uwezo wake, na kiasi chenyewe sitakitaja maana mama mkwe mpaka leo hajaambiwa.

Wenye nyumba za namna hii huziita nyumba za safari. Neno hilo huwa linanichekesha. Kwetu safari ni safari: mtu akipanda basi kwenda Tabora kuzika, yuko safarini, akienda Kariakoo kununua vitenge vya kuuza, yuko safarini vilevile. Wageni wakalichukua neno, wakalipunguza mpaka likabaki na maana moja tu, ya kwenda porini, kwanza kuua wanyama na baadaye kuwapiga picha. Sasa limeturudia likiwa limevaa kaki.

Nianze na sifa, maana sifa zipo na ni za haki. Aliyeibuni nyumba ile anaijua kazi yake. Gari hukufikisha upande wa nyuma. Unaingia kwa mlango mfupi, unapita ukumbi mwembamba wenye giza, kuta za mawe pande zote mbili, na unaanza kujiuliza ni kwa nini umelipa fedha zote zile kuja kutazama mawe. Halafu unakata kona, na ukuta wa mbele haupo. Sebule yote iko wazi. Chini yako kuna bonde, mibuyu imesimama hapa na pale, na mbali kidogo mstari wa miti mibichi unaoonyesha mto ulipo. Watoto walipiga kelele. Mume wangu, ambaye hana mazoea ya kusifu kitu mpaka akijue bei, alisema, “Ee!” Msimulizi mzuri hufanya hivyohivyo: hukuchelewesha, hukubana, kisha hukufungulia.

Na tuliwaona wanyama. Mwezi wa Juni ni mwanzo wa kiangazi, maji ya huko nje yanakauka, na nyumbu na pundamilia waliokwenda kula majani mabichi katika tambarare za Simanjiro wakati wa masika huanza kurudi kwenye Mto Tarangire. Tembo tuliwaona siku zote nne, wakipita kwa mstari, wadogo katikati. Mwanangu wa mwisho alikaa saa nzima bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea tangu azaliwe.

Hayo yote nayakubali. Tatizo langu linaanzia kwenye kibao.

Mbele ya sebule kuna sehemu iliyoinuliwa, yenye viti virefu vya mbao na matakia, na juu yake pamechongwa neno BARAZA. Msomaji aliyepata kufika Unguja, Lamu au Bagamoyo anaijua baraza. Ni lile benchi la mawe lililojengwa nje, kando ya mlango, likielekea njiani. Halijengwi kwa ajili ya kutazama mandhari. Hujengwa kwa ajili ya mtu anayepita: atoe salamu, akaribishwe, akae, anywe kahawa, alete habari za mtaa wa pili na kuondoka na za mtaa wenu. Kwa hiyo mwenye nyumba hukutana na watu bila kuwaingiza ndani, na mpita njia hupata mahali pa kukaa bila kuomba. Sasa baraza ile ya Tarangire imeelekezwa mahali ambapo, kwa ufundi mkubwa, pamehakikishwa kwamba hapiti mtu. Neno limechukuliwa kama kinyago cha kutundika ukutani, na maana yake imeachwa pwani.

Nilipokwisha kuliona hilo, nyumba yote ikaanza kusomeka. Vyumba vina majina: Tembo, Twiga, Simba, Pundamilia. Madirisha yote makubwa yanatazama mashariki, bondeni. Upande wa magharibi, kulikokuwa na kijiji, mashamba na barabara ya lami itokayo Arusha kwenda Babati, hakuna dirisha hata moja. Jiko liko huko, nyuma ya ukuta wa fito uliopandwa maua yanayotambaa, na wahudumu wana njia yao iliyochimbwa chini kidogo, ili chai ikija uione chai kabla hujamwona aliyeibeba. Nani anasema? Mtu anayependa nchi hii na angependelea isiwe na watu. Anamwambia nani? Mtu wa mbali, aliyekuja kupumzika na watu wa kwao. Sisi tulikuwa tumefungua barua ya mtu mwingine.

Hata salamu ilithibitisha. Tuliposhuka garini, vijana watatu waliojipanga na vitambaa vya kufutia uso walituambia kwa pamoja, “Jambo! Karibuni!” Halafu mmoja wao akamwona mama mkwe, mwenye miaka sabini na minane na kanga yake begani, na ile sauti ya watalii ikamtoka. Aliinama kidogo na kusema, “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?” Na hao wawili wengine nao wakaamkia, na vitambaa vikasahauliwa kwenye sinia.

Ndani kulikuwa na rafu ya vitabu, na mimi nikiona rafu sipiti. Vilikuwapo vitabu vya picha za ndege, cha Karen Blixen kuhusu shamba lake la Ngong, na viwili ambavyo nilivisoma upya usiku: kile cha Ernest Hemingway kuhusu uwindaji wake katika Tanganyika, kilichotoka mwaka 1935, na cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, cha mwaka 1959. Kwa Kiswahili kilikuwapo kijitabu kimoja tu, cha kuwafundisha wageni maneno machache, na kurasa zake mbili za mwanzo zilijaa amri: lete, ondoa, washa, zima. Neno “samahani” lipo ukurasa wa tisa.

Kitabu cha akina Grzimek kinafaa kabisa kuwa katika nyumba ile, maana wawili hao ndio baba zake. Waliruka juu ya Serengeti katika ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Kazi hiyo ilimgharimu Michael maisha yake, ndege ilipoanguka Januari 1959, naye akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba yake, aliyefariki 1987, amelazwa papo hapo. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Siwezi kudharau mapenzi ya namna hiyo, na sijui kama tungekuwa na nyumbu wa kuonyesha watoto bila watu kama hao. Lakini wanyama waliwatazama kutoka juu, na kutoka juu mtu aliye na ng'ombe anaonekana kama doa kwenye picha. Mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Hifadhi ya Serengeti walitakiwa kutoka na kuhamia upande wa Ngorongoro. Tangu 2022 tena baadhi ya wakazi wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na ubishi juu ya jambo hilo ni mkali hadi sasa. Sitauamua hapa. Nasema tu kwamba jicho lililobuni baraza ile lilijifunza kutazama likiwa ndani ya ndege.

Hemingway ni habari nyingine, na nilishangaa kumwona akisimama upande wangu. Aliwinda si mbali na pale tulipokuwa, karibu na Ziwa Manyara na Babati, na katika dibaji anatuambia kwamba alijaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, aone kama kinaweza kushindana na cha kubuni. Ni kitabu chenye kujisifu kwingi. Mtu mzima ananuna kurasa nyingi kwa sababu mwenzake amepata tandala mwenye pembe ndefu kuliko wa kwake. Baadhi ya wafuatiliaji wa nyayo hakuwaita kwa majina yao: mmoja amemwita Garrick, kwa jina la mwigizaji wa Kiingereza wa zamani, kwa kuwa aliona ana maringo ya jukwaani. Hata hivyo, yumo M'Cola, pengine Mkola, aliyembebea bunduki. Hemingway anamwona mtu huyu. Anaona anacheka nini na hacheki nini, anaona siku anapomdharau bwana wake na siku anapomheshimu, na inamuuma asipoheshimiwa naye. Lugha hawaelewani, Kiswahili cha mwandishi ni cha kuokota, lakini mmoja anamsoma mwenzake, na kwa maoni yangu M'Cola ndiye mhusika bora wa kitabu kizima. Kitabu cha mwindaji wa mwaka 1935 kina nafasi ya M'Cola. Nyumba iliyojengwa karne nyingine kabisa, na watu wenye nia njema, haina. Imemchimbia njia ya chini.

Siku ya pili mama mkwe alipotea. Tulimtafuta Twiga, tukamtafuta Simba, tukamkuta jikoni ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichambua mchele. Hakuwa amemsumbua mtu. Alisikia harufu ya vitunguu akaifuata. Mpishi, mwanamume wa makamo, alikuwa akimweleza kwamba kwao ni Magugu. Msomaji wa Arusha au Babati ananielewa. Kwa wa mbali nitasema tu kwamba mchele wa Magugu unanukia ukiwa bado kwenye gunia, na mwezi wa Juni ni wakati wa mavuno yake. Mama akauangalia mchele uliokuwa kwenye ungo, mrefu, mweupe, wa pakiti iliyotoka ng'ambo.

“Na huu?”

“Huu ndio ulioandikwa kwenye menyu, mama.”

“Wewe wa Magugu unapikia watu mchele huu?”

“Mama, mimi napika ulioandikwa.”

Sina uhakiki wa nyumba ile utakaofikia jibu hilo.

Usiku tulikuwa tunasindikizwa vyumbani na mlinzi mwenye tochi, mzee wa kijiji cha jirani, kwa kuwa tembo hupita katikati ya vyumba. Watoto walilifurahia jambo hilo kuliko yote. Mama mkwe hakulifurahia. Alikulia mahali ambapo tembo ni habari ya shamba, na swali lake kwa mzee lilikuwa moja: “Usiku huu, huko kwako nani analinda mahindi?” Mzee akasema analinda mkewe, na mwanawe mkubwa. Wana tochi na madebe ya kupiga. Kuna kamba waliyoizungushia shamba, yenye vitambaa vilivyochovywa katika pilipili na oili chafu. Inasaidia, lakini mvua ikinyesha inabidi kuchovya upya, na tembo wengine wamejifunza. Mwaka uliotangulia alipoteza karibu ekari moja usiku mmoja. Serikali ina kanuni, tangu 2011: aliyeharibiwa mazao hupewa kifuta jasho, aliyeuliwa ndugu hupewa kifuta machozi. Majina hayo yalitungwa na mtu mkweli, maana jasho likifutwa halirudishi gunia. Mzee alisema pia, na ni haki nilisema, kwamba vijiji vya huko vilivyotenga ardhi kwa ajili ya wanyama hugawana mapato ya watalii, na darasa la wajukuu zake lilipata bati kwa fedha hizo. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anatueleza hesabu zake: yeye alilipwa ili tembo wasitusogelee sisi, na mshahara huo ulinunua mahindi ya kufidia yale ambayo tembo haohao waliyala kwake.

Nilisikiliza nimesimama gizani, na bonde lilelile la mchana sikuweza tena kulitazama kama picha. Tembo walikuwa wanatoka mahali na kwenda mahali. Nyumba ilinionyesha katikati ya mwendo wao tu, ile sehemu nzuri.

Hapa ningeweza kumaliza na kuondoka nimeridhika, laiti si wifi yangu. Yeye alikuwa amefanya urafiki na binti aliyekuwa akitandika vitanda, na akamweleza mawazo yangu kuhusu ule ukuta wa fito: kwamba unawaficha, kwamba si ubinadamu. Binti akacheka. “Dada,” akasema, “huo ukuta usiusemee vibaya. Kule nyuma ndiko tunakovua viatu.” Akaeleza kwamba mbele ya mgeni unasimama, unatabasamu, unasema “jambo”, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya ukuta unakaa chini, unacheka, unamsema mgeni kwa sauti ya kawaida. Na akaongeza kwamba wageni wa Kiswahili wakija, hapana pa kujificha, kwa kuwa wanasikia.

Neno hilo nililitafuna siku mbili. Linaharibu uhakiki mwepesi. Ukuta ni mmoja, lakini una pande mbili na maana mbili, na mbunifu aliyeujenga ili mgeni asione aliwajengea wafanyakazi, bila kukusudia, chumba cha pekee ambacho mgeni hakukilipia. Tena si kweli kwamba lugha moja inatosha kutufanya wamoja. Rafiki wa mume wangu, mtu mwema na mwenye elimu, alikuwa akimwita yule mpishi “kijana”. “Kijana, ongeza barafu.” Mpishi ana wajukuu. Wageni wa Ulaya, kama nilivyosikia, humwuliza jina siku ya kwanza, na kulitamka vibaya mpaka siku ya mwisho, lakini huliuliza. Mama mkwe alipolisikia hilo la “kijana” kwa mara ya tatu aliweka kikombe chini na kuuliza, kwa upole wa kutisha, kama anayeitwa ni mjukuu wa nani. Tangu hapo akaitwa “baba”.

Ukinilazimisha, basi, kusema ningeibadili vipi nyumba ile, sitabomoa ukuta. Ningeondoa kibao cha baraza, au ningeijenga baraza ya kweli upande wa magharibi, kwenye lango, ambapo mlinzi na mwuza asali na watoto watokao shule wangeweza kukaa kivulini, na mgeni anayetaka kuketi nao akaketi. Na ningetoboa dirisha moja upande huo. Moja tu. Bonde lingebaki na uzuri wake wote.

Siku ya mwisho mpishi aliagiza kilo tano za Magugu kwa bodaboda, kwa fedha ya mama mkwe, nje ya menyu. Chakula kilipoiva mama alikataa kwenda mezani. Alisema hawezi kula wali ule akiwa ameangalia pori kama mlinzi. Tukachukua mikeka tukaenda nyuma, kwenye uwanja ulioko kati ya jiko na lango. Yule binti wa vitanda, alipotuona tunakuja, alivaa viatu vyake; wifi akamwambia avue, naye akavua kimoja. Meneja alifika akiwa na wasiwasi, akauliza kama meza ina kasoro. Tukamwambia haina. Akasimama kidogo, kisha akaomba sahani.

Kutoka hapo uwanjani mtu anaiona barabara. Giza lilikuwa limeingia, na kijijini taa zilikuwa zimewashwa, chache, za sola, moja ikitembea, bila shaka tochi ya mtu anayekwenda shambani. Kwa mbali taa za gari kubwa zilikuwa zinapanda kuelekea Babati. Watoto walibishana kama ni lori au basi. Mpishi hakuinua hata kichwa. Alisema ni basi, na kwamba limechelewa.